Raho na Matangi ya Bahari ya Shamu

Raho alilelewa Garissa, akaishi Uholanzi miaka tisa, na sasa anakaa Sparkbrook, mlango wa tatu kutoka kwangu. Tunasafisha pamoja maabara ya chuo kimoja hapa Birmingham. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikimwacha binti yangu Ifrah kituo cha basi, nageuka mara nne. Raho hageuki.

Mwaka jana maabara ililetewa matangi sita ya maji ya chumvi, kila moja na tumbawe kutoka Bahari ya Shamu. Bwana Gurnam, mwenye utafiti, alituambia bahari ile imebanwa na nchi kavu karibu pande zote, na joto lake linapanda. Alitaka kujua matumbawe yatavumilia kiasi gani, kwa hiyo akawa anaongeza joto polepole, nusu digrii kwa wiki.

Ijumaa moja, tukifunga kazi, Raho alisema Bismillahi akafunika matangi yote kwa mifuko ya taka. Kwao chombo cha maji hakilali wazi. Nilimwona, nikanyamaza.

Jumatatu tulimkuta Bwana Gurnam ameshika kichwa. Mifuko ilikuwa imeziba feni za kupoza maji. Kipimajoto kilionyesha digrii thelathini na tatu, joto ambalo hakuwa amelifikia bado.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Raho.

"Dada, si ungenyamaza!" nilimnong'oneza kwa Kiswahili.

"Na wewe Mama Ifrah acha kutetemeka, unamwaga ndoo."

Bwana Gurnam alisema, "Hii ni kazi ya miaka miwili. Kama yamekufa, Raho, sitaweza kukutetea."

Tumbawe likizidiwa na joto hugeuka jeupe kama mfupa. Bwana Gurnam alitoa mfuko wa kwanza. Rangi ya kahawia ilikuwa palepale. Kisha vidole vidogo, vyembamba kuliko uzi, vikaanza kuchomoza, kimoja, viwili, mpaka kitu nilichokidhani jiwe kikawa kinapunga mwili mzima.

"Subhanallah," nilisema. Siku zote nilikuwa nikipangusa vumbi kando ya viumbe hai!

Mifuko yote ilipotolewa, matano yalikuwa hai. La sita lilikuwa jeupe pe.

"Sikudhani hata moja lingevumilia," alisema Bwana Gurnam kwa sauti ndogo. Akamgeukia Raho. "Usifunike tena. Kesho njoo kazini kama kawaida."

Raho alikuwa amesimama mbele ya tangi la sita, akisema Inna lillahi, taratibu, kama tunavyowasemea watu.