Ndege wa Uani

Kila nikinusa ungo mpya, nakumbuka ua wetu wa Maskati, baridi yetu ya kwanza tangu tutoke Unguja. Bibi alikuwa akipeta mchele, kajitanda shali mbili. Chenga zilipoanguka, ndege wadogo wa kijivu wakashuka kutoka ukutani, manyoya yamewatutumka. Nikawatimua kwa kelele, kama alivyonifundisha mwenyewe kule kondeni kwake, mpunga ulipokaribia kuvunwa: “Swaaa! Swaaa!” Wakaruka wote, nami nikangoja kusifiwa.

Bibi akauweka ungo chini.

“Waache wale, mjukuu wangu. Mie hapa nna konde gani la kulinda?”

Akachota mchele mzuri, si chenga, akaumwaga uani. Tukakaa bila kutikisika, tukiwangoja warudi.