Sababu: Upepo

Jina lake la kwenye karatasi analijua yeye na ofisi ya uvuvi. Gatini wote wanamwita Bi Kipimo. Kwa miaka kumi na saba, saa moja kamili asubuhi, jua au mvua, homa au harusi, anateremsha ndoo baharini kwa kamba, anachota maji, anatumbukiza kipimajoto, anahesabu kimoyomoyo hadi mia na themanini, kisha anaandika namba. Ukimsalimia akiwa amefika mia na kumi hakujibu. Ukirudia salamu inabidi aanze upya, na hapo utajibiwa, ila si salamu.

Ofisini wanaiona kazi ya kitoto. Lakini namba hiyo ndiyo habari nzima ya dagaa. Upepo ukivuma sambamba na ufukwe siku tano, sita mfululizo, unayasukuma maji ya juu kwenda mbali. Nafasi yake haikai tupu: maji ya kilindini yanapanda kuijaza, baridi kama yametoka kwenye friji, yamebeba rutuba iliyokuwa imelala huko chini. Rutuba inaotesha vijimea visivyoonekana kwa macho, dagaa wanakuja kula, na kwa wiki nne hivi pwani nzima inakula pia. Dagaa wakishashiba, ndipo wanazaa. Bi Kipimo hakusomea haya popote. Aliyasoma kwenye kipimajoto: ishirini na saba, ishirini na saba, ishirini na sita, halafu ghafla ishirini na mbili.

Mwaka huu upepo ulichelewa wiki tatu. Bi Kipimo akapeleka fomu ofisini kila siku kama kawaida, na maji yalipopoa akamwambia mdogo wake, anayekausha dagaa, aandae vichanja. Mdogo wake akavifunga upya vyote, akaita wanawake sita wa kumsaidia.

Siku ya kumi ya maji baridi, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa soko. Kuanzia Jumatatu uvuvi wa dagaa umefungwa kwa siku thelathini ili samaki wazae. Tarehe zilikuwa zilezile za mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka ambao aliyesaini alikuwa bado ananyonya.

"Dada," mdogo wake alisema, "si unawapelekea namba kila siku? Au huwa unawapelekea barua za mapenzi?"

Bi Kipimo hakucheka. Alikwenda ofisini viatu vikiwa bado vimelowa.

Ofisa takwimu ni kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono yake inaweza kukata mkate. Ukutani kwake kuna picha kubwa ya samaki ambaye hajawahi kuonekana katika bahari hii.

"Shikamoo mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Nionyeshe namba zangu."

Kijana akageuza kompyuta. Mstari ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na sita.

"Hizi za nani?"

"Za kwako, mama. Tulizirekebisha kidogo. Kompyuta ikiona chochote chini ya ishirini na tatu inapaka rangi nyekundu, na ripoti yenye wekundu bosi hasaini. Kwa hiyo tunaweka wastani."

"Kwa hiyo bahari ikipoa, nyie mnaipasha moto."

"Tulidhani umekosea kusoma, mama. Umri, miwani..."

Bi Kipimo alikivuta kile kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakaa.

"Mmenipikia namba tangu lini?"

Kijana aliangalia feni. "Tangu mfumo mpya uje. Miaka mitano."

Miaka mitano. Asubuhi alizokwenda gatini akitetemeka kwa homa. Asubuhi ya siku waliyomzika mama yao. Kila namba iliyokuwa na maana ilitupwa, zikabaki zile ambazo hata mtu aliyelala angezikisia.

"Unajua mnachofanya, mwanangu? Mnafunga wakati wanakula, mnafungua wakati wanazaa. Adui wa dagaa asingepanga vizuri hivyo. Futa, tunaandika upya."

"Kila nyekundu inadai sababu kwenye kisanduku, mama."

"Tutaitoa." Akafungua daftari lake. "Siku ya kwanza, ishirini na mbili nukta tano."

"Nyekundu. Sababu?"

"Upepo. Siku ya pili, ishirini na moja."

"Sababu?"

"Upepo."

Walipofika siku ya sita, kijana akajaribu bahati yake. "Hapa niweke hitilafu ya kifaa?"

"Weka upepo. Hitilafu iko humu ndani, na imepigwa pasi."

Bosi akarudi kutoka kula, kijiti bado mdomoni, akakuta mlango una mtu.

"Mama, naomba kupita. Ni ofisi yangu."

"Subiri, kiongozi. Tuko siku ya nane."

Akasubiri kwenye korido. Aliporuhusiwa kuingia, aliutazama mstari mpya, umeporomoka kama mtu aliyekosa ngazi, akakitoa kijiti mdomoni. Dagaa hawakumuumiza kichwa. Kilichomuumiza ni makao makuu kuuona mstari ule pembeni ya saini yake. Akaandika barua ya kusogeza tarehe siku hiyohiyo.

Barua ikahitaji mihuri mitatu, na kamati, na kamati ikahitaji chai. Jumatatu ikafika, boti zikafungwa. Dagaa waliruka karibu na ufukwe kiasi kwamba ndege waliwala bila kulowa, huku wanawake sita wamekaa kando ya vichanja vitupu, wakiichambua serikali badala ya samaki. Siku kumi na moja baadaye likaja tangazo jipya: "Kufuatia utafiti wa kina uliofanywa na ofisi hii, kufungwa kwa uvuvi kumesogezwa mbele." Maji baridi yalikuwa yamebakiza siku sita.

Mchana wa kwanza vichanja vilijaa vikafurika.

"Haya dada, wamekusikia," mdogo wake alisema. "Tumepata siku sita. Cheka basi."

"Wamekalia kumi na moja."

"Sita si haba."

"Mtu akuibie viatu, akurudishie kandambili moja, wewe utamshukuru?"

Mdogo wake akacheka mpaka akashika kichanja. Bi Kipimo alichukua reki, akaanza kuwageuza dagaa kwa nguvu kiasi kwamba aliombwa awahurumie, wameshakufa tayari.