Msalaba Uliogeuka Rangi

Itangazwe kwa vijiji vyote vya mwambao wa ziwa, na walioko milimani Mbinga wasikie: Nathanieli, fundi wa kuchomelea, mtu mfupi asiyevua kofia ya sufi hata jua la mchana, alitembelewa na utukufu katika banda lake la mabati. Mashahidi walipiga vigelegele. Mwenyewe hakuombwa maoni.

Ilikuwa hivi. Msalaba wa maandamano wa kanisa, bomba la chuma lililovishwa kromu likang'aa kama kioo, ulikuwa ukirudi kutoka ibada kijijini Kingerikiti, umefungwa kwenye bodaboda. Mteremkoni bodaboda ikalala, msalaba ukapinda shingo. Sikukuu ilikuwa kesho yake. Nathanieli akaipuliza shingo moto wa gesi mpaka ikaiva, akainyoosha. Ilipopoa ilikuwa na rangi ya dhahabu, zambarau, na buluu ya ziwa lililotulia.

Mama Benadetha, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, akapiga goti palepale kwenye vumbi la chuma. "Ishara!" Padri Aidan, ambaye habishani na akina mama, hakukataa. Nathanieli akafungua mdomo, vigelegele vikaufunga. Haukupita muda akachaguliwa mzee wa kanisa, yeye aliyezoea kukaa benchi la mlangoni ili awahi kutoka.

Heshima tamu jamani! Waliokuwa wakimwita "we fundi" sasa walimwamkia shikamoo, hata waliomzidi umri.

Kisha mvua zikaja. Siku moja akifuta vyombo vya ibada, Nathanieli akaona vidoa vya kahawia vimeota shingoni, penye zile rangi tu. Mpini, ambao haukuonja moto, uling'aa vilevile. Akavisugua kwa majivu. Vikarudi na ndugu zao. Akasogeza jicho. Kromu ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama nywele. Moto ulikuwa umenyoosha mfupa ukachana ngozi, na maji hayahitaji mlango mpana.

Angeweza kunyamaza. Kutu haina mdomo, na mzee wa kanisa huaminiwa kuliko kutu. Lakini Pasaka ilipokaribia, Mama Benadetha akaingia bandani na beseni la vinara vya altare, vyote vya kromu, vyote vizima.

"Mzee Nathanieli, vichome na hivi. Vifanane na msalaba."

 Nathanieli angevichoma, angebaki mzee wa kanisa mpaka mvua nyingine. Akafunga mtungi wa gesi.

"Sivichomi, mama. Na huo msalaba utaliwa na kutu mpaka ukatike."

"Ala! Uzee wa kanisa umekupanda kichwani? Unambania Mungu ishara?"

"Hapana, mama."

Mama Benadetha akaketi juu ya tairi kuukuu, beseni mapajani, sauti imeshuka.

"Basi nieleze, mzee wetu. Zile rangi tulizozipigia magoti zilikuwa zinatuambia nini?"

"Kwamba moto ulizidi."