Ndoa Niliyowaandalia Wazee wa Kanada

Jamani, kiherehere kimeshaniponza mara nyingi, lakini aibu ya Jumapili ile hapa Guangzhou ilivunja rekodi, na kwa kuwa wenzangu wa soko la nguo la Zhanxi wanaisimulia kwa kuongeza chumvi, acha niwape mwenyewe isiyo na chumvi (au yenye chumvi kidogo).

Mimi ni wakala, nawatafutia wateja nguo na viwanda, na wiki ile Papa Floribert, mfanyabiashara wa Lubumbashi ninayesali naye, aliniletea wazee wawili wa Kanada, wale wanaoongea Kifaransa. Bibi Lucille Thibault na Mzee Normand Gauthier walitaka fulana mia nne za mkutano wa ukoo, zenye mti wa ukoo mgongoni. Ilikuwa oda yangu kubwa ya kwanza, nikaapa haitaniponyoka. Bibi alikuwa amechimbua vitabu vya parokia za kwao miaka na miaka hadi akamfikia babu wa kwanza aliyetoka Ufaransa. Sasa nikaupitia ule mti kabla ya kuupeleka kiwandani, nikashtuka, maana kila mke ana jina lake la ukoo, hakuna hata mmoja mwenye la mumewe, kuanzia bibi wa kwanza hadi Lucille mwenyewe. Nikasema moyoni, masikini, ukoo mzima uchumba sugu.

Mtu mwenye akili angempigia Floribert amuulize. Mimi nikampigia mchungaji. Nikamwambia nawaleta wazee wanaoishi kinyumba kwenye chakula chetu cha Jumapili, na itakuwa baraka tukiwashtukiza na ndoa. Mchungaji akamwambia mkewe, mkewe akaiambia kwaya, kwaya ikaagiza keki, na mama mmoja akakimbilia soko la vitambaa la Zhongda kutafuta shela. Gervas wangu aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia anyamaze.

Basi siku ikafika. Bibi akavishwa shela, akadhani ndiyo desturi yetu ya kukaribisha wageni, akatabasamu, na mzee akapiga picha kwa furaha zote huku vigelegele vikipasua dari. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Ndipo Papa Floribert, aliyechelewa kwa sababu alikuwa kiwanda cha jinzi kule Xintang, akasimama mlangoni akishangaa.

"Mais, mama, hawa walisha kuoana," akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa. "Iko miaka makumi ine na moja."

Nilitamani sakafu inimeze. Floribert akafafanua kwamba kwao wazee hawa mwanamke habadili jina, na vitabu vya kanisa vimemwandika kwa jina la baba yake tangu zamani, ndiyo maana Bibi ameweza kuwafuata bibi zake wote hadi mwanzo. Alipotafsiriwa kilichokuwa kikiendelea, Bibi alicheka hadi shela ikamwangukia puani. Nikamshukuru Mungu, oda imepona. Halafu akanigeukia, akamtuma Floribert aniulize: "Na wewe, uliolewa mwaka gani?"

Ukumbi mzima ukanitazama, kwa nia njema tu, kwa kuwa wote wananijua Bi. Mwaisaka. Nikamtazama Gervas Mwaisaka. Gervas akatazama wali. Ukweli ni kwamba tuna miaka minane na mtoto mmoja, mahari haijatoka hata kuku, na jina hilo nililibandika mwenyewe kwenye kadi za biashara kwa sababu lilinipa heshima. Ningeweza kudanganya, ila mbele ya keki ile nilishindwa.

"Bado, Bibi," nikasema.

Mchungaji, aliyekuwa amefunga kitabu, akakifungua tena. Bibi akavua shela, akanivika mimi, akauliza jina la baba yangu. Nikamwambia ni Kibona, na nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

Fulana zilikwenda salama. Siku ile hatukufungishwa ndoa, maana wazazi wangu kwanza; Gervas ameshapeleka barua ya posa kwetu Mbeya, harusi ni Desemba, na mimi nimeapa sitapima tena ndoa ya mtu kwa kusoma jina lake. Kadi mpya zimeandikwa Tumaini Kibona, na nikiolewa zitabaki hivyo hivyo, ili mjukuu atakayenitafuta ajue pa kuanzia.