Neno Nililolimeza kwenye Simu ya Mama Wambui

Enzi zetu simu moja ilitosha korido nzima, na mimi ndiye bwege niliyeipokea nikameza neno moja tu, nusura dada yangu arudishwe nyumbani kutoka Ufaransa. Sikulimeza kwa ubaya. Neno lilikuwa refu, kadi ya simu ya dada ilikuwa inakwisha, na mdomo wangu ulikuwa umejaa bani.

Ninyi mliokulia Durban mwishoni mwa miaka ya tisini mnaijua bani: mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, unaanza kwa kula kifuniko na unamaliza kwa kula ukuta. Tuliinunua duka la chini tukaila kwenye ngazi, mafuta yakishuka mpaka viwikoni. Watoto wa siku hizi wanaipiga picha kwanza. Sisi ukizubaa hivyo, unabaki na karatasi.

Koridoni kwetu tulikuwa Wakongomani karibu wote. Baba, mwalimu wa Kifaransa kule nyumbani, hapa alilinda magari ya watu ufukweni. Mama alisuka nywele soko la Warwick, jirani na wauza dawa za miti, na jioni alirudi ananuka mizizi. Sisi watoto tulicheza mpira koridoni, na goli letu lilikuwa mlango wa Mama Wambui, nesi Mkenya aliyefanya zamu za usiku na kulala mchana. Mnaweza kukisia alivyotupenda. Lakini simu ilikuwa kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na kila Jumapili baada ya kanisa ililia kwa ajili yetu.

Aliyepiga ni Yaya Bea, dada yangu mkubwa. Tulilala naye kitanda kimoja mpaka alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Lille. Baba hakutaka. Alisema chuo kipo hapo Westville, mtoto anarudi Jumamosi na nguo zake za kufua. Mama alimbembeleza mpaka akakubali, shingo upande.

Basi Jumapili moja wazazi walichelewa kanisani, nikapokea mimi. Yaya aliongea mbio: amepata chumba cité universitaire, jiko na choo ni vya wote wa koridoni yake, chakula anakula restaurant ya wanafunzi. Simu ikakatika. Baba na Mama walipofika, niliwafikishia hivi:

"Yaya anasema iko anakaa ku cité. Choo ni ya watu wote. Na anakula ku restaurant kila siku."

Kwa asiyejua: kwetu Kongo, cité ni kule uswahilini, mbali na mjini kwa wakubwa, lami haifiki na mtaa mzima unagombania bomba moja. Baba alivua koti akakaa.

"Bea? Ku cité?"

"Na choo ya watu wote," Mama akasema. Kisha sauti ikashuka. "Na restaurant kila siku... nani anamulipia?"

Hapo ndipo nyumba ilipopoa. Mama Wambui, aliyesimama mlangoni na kikombe chake, alisikia neno moja tu alilolijua.

"Kwani shida iko wapi? Msichana anakaa city. Mlitaka akae mashambani na ng'ombe?"

"Mama Wambui, weye haujui cité," Baba alisema.

"Siijui aje? Na hapa tunakaa ni wapi?"

Baba aliamua: Jumapili ijayo atamwambia afunge mizigo, arudi, aanze Westville. Wiki nzima alifanya mazoezi ya hotuba dirishani, kwa Kifaransa cha darasani, mkono mmoja nyuma. Mama aliosha vyombo bila kuimba. Na mimi? Sitawaficha, mimi nilifurahi. Kitanda kilikuwa kimenizidi upana tangu aondoke. Nilitoa blanketi lake nikalianika, nikasogea ukutani, nikaanza kuzoea kubanwa.

Jumapili tulijazana sebuleni kwa Mama Wambui na nguo za kanisani. Baba aliishika simu wima, kama anaita mahudhurio.

"Béatrice."

Tukajua mambo yameharibika, maana jina zima lilitoka siku za fimbo tu. Akaitoa hotuba yote, mpaka pale pa heshima ya familia. Kule upande wa pili kikatoka kicheko, kicheko kikubwa mpaka Mama Wambui naye akacheka jikoni, bila kujua anachekea nini.

"Papa! Cité universitaire! Universitaire! Ni bweni ya chuo!"

Baba aligeuka polepole akanitazama.

"Ile neno ya pili ulipeleka wapi?"

"Nilikuwa ninakula, Papa."

Siku hiyo Yaya alimaliza kadi yote akitueleza maisha yake. Chumba ni kidogo, ukikaa kitandani unafungua mlango na unaosha uso hapohapo. Friji hana, maziwa anayatundika nje ya dirisha ndani ya mfuko, na baridi inafanya kazi yake. Restaurant ni foleni ya wanafunzi na sinia za plastiki, karoti mbichi zimekunwa kama za sungura, na viazi vya kukaanga mpaka unavichoka. Fufu, ule ugali wetu wa muhogo, anapika kwa semolina. Siku alipokaanga ndagala, dagaa wetu wa kukausha, korido nzima walifungua madirisha na mmoja akamwita mlinzi. Baba alicheka mpaka akajifuta macho. Mwisho akasema taratibu, "Basi, mama, soma."

Nilienda nikalikunja lile blanketi nikalirudisha juu ya kabati. Mama aliniuliza mbona macho mekundu. Nikasema pilipili ya bani.

Tangu hapo nililazimishwa kurudia kila neno la Yaya mbele ya ukoo wote, na ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa Ufaransa bila kuvuka hata robot, taa za barabarani, ya pale chini. Simu ya dakika chache tuliitafuna wiki nzima. Leo Yaya anapiga kwa video hata mara tatu kwa siku, tunaona mpaka nyanya anazokata, na watoto wa ndugu zangu hawainui macho kumtazama shangazi yao. "Tantine iko online," wanasema, kidole kinaendelea na safari yake. Ukiwauliza amesema nini, hakuna anayejua.

Yeye amebaki Lille, mimi nimebaki koridoni hii hii. Aliwahi kunitumia tikiti. Mara pasipoti, mara goti, mara nani atabaki na Mama. Juzi kapiga tena, akanionyesha nguo zinakauka juani na kitanda kipana cha chumba cha wageni. Nilipokata simu, watoto wakauliza Tantine anasemaje, ajabu kweli, nami nikawajibu kule baridi kali.

Mama Wambui, mstaafu sasa, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni petu, simu yote kaisikia. Akaweka kikombe chini.

"Miaka yote hii na bado unameza maneno. Dada yako amesema baridi imeisha, njoo. Wewe umebakisha baridi peke yake."