Bei Iliyoombewa

Siku ninayoikumbuka mpaka leo nikisaga meno ni ile ya likizo ya Desemba, tulipokwenda Masakta, mimi na mama, kutaja bei ya kuosha ukuta wa Mzee Tluway. Mwanangu, kaa hapo nikusimulie. Najua bado hujazaliwa. Mimi mwenyewe niko kidato cha nne, na mbele ya watu huwa nainamisha kichwa mpaka walimu wananiuliza kama nimeangusha kitu. Lakini hapa kwetu Hanang maneno yenye uzito huanza na "mwanangu", na mimi ninayo maneno yenye uzito na sina wa kumwambia. Basi nakuandikia wewe. Ukifika utayakuta.

Kwanza uijue kazi ya bibi yako, yaani mama yangu, Mama Paskalina. Anaosha kuta za nje. Udongo wetu ni mwekundu. Mvua ikipiga chini inairushia lipu matope mpaka usawa wa dirisha, kiangazi vumbi linamalizia. Mtu akiwa na harusi au kipaimara, na rangi hana uwezo nayo, anamwita mama. Alianza kazi hii baba alipofariki. Anapangusa vumbi kwa ufagio mkavu, analowesha ukuta kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiuchore mistari, anapaka maji ya sabuni na jiki kidogo, anasugua kwa brashi laini, halafu anasuuza kutoka juu. Ukuta aliouosha mama unaweza kudhani umepakwa rangi jana. Sijisifu, kaulize.

Kilichokuwa kinamshinda ni bei. Siyo hesabu, hesabu anazijua kunishinda mimi. Kilichomshinda ni adabu.

Mzee Tluway alikuwa rafiki wa marehemu baba, na ni mzee wa kanisa. Tulimkuta mlangoni, kofia kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Paskalina! Na huyu ndiye yule mtoto asiyesema? Karibuni ndani, chai imeshachemka."

Mama akanyoosha shingo kuelekea nyuma ya nyumba. "Mzee, ngoja kwanza nizunguke nione..."

"Uzunguke nini? Umepoteza mbuzi?"

Akacheka. Na sisi tukacheka, maana mzee akicheka unacheka. Kwetu anayezunguka nyumba ya mtu kabla ya kukaribishwa ni mwizi, au mnyama wake amepotea. Mama akaingia ndani. Tukapewa chai ya maziwa na viazi vitamu, na mgeni mwenye kikombe mkononi hawezi tena kuinuka akakague kuta za watu.

"Ukuta umeuona ulipokuwa unaingia," mzee akasema. "Uko hivyo hivyo pande zote. Taja, binti yangu."

Mama akataja, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Mzee hakupunguza hata shilingi. Mwanangu, mtu mzima wa huku asipopunguza bei, weka kikombe chini ujiulize. Sisi tulifurahi. Mzee akavua kofia, akasema, "Tuombe." Akamshukuru Mungu kwa makubaliano, akaikabidhi kazi mikononi mwake, akataja kuta zote nne, akamtaja na mke wa marehemu rafiki yake atakayezitakasa. Tukasema amina.

Bei iliyotajwa tu unaweza kurudi ukasema nilikosea. Hata iliyoandikwa unaweza kuichana. Bei iliyoombewa utairudia ukianzia wapi?

Kesho yake tukaenda na ngazi na ndoo. Upande wa mbele ulikuwa rahisi, vumbi na matope basi. Tukapiga kona kwenda nyuma. Mwanangu, nilidhani ni nyumba nyingine. Ule upande unaelekea mlimani, jua haliufikii, ukuta wote ulikuwa wa kijani na unateleza kama jiwe la mtoni. Juu ya dirisha la jiko masizi yameshuka meusi mpaka chini. Hayo yote yanaoshwa. Lakini mama aligonga lipu kwa kidole, ikalia kama kibuyu kitupu. Akagonga kando yake, ikalia vile vile. Lipu iliyoshika ukutani haina mlio huo. Hii ilikuwa imeachia, imesimama kwa mazoea tu, na maji yakiingia nyuma yake inashuka kama ugali unavyopinduliwa.

Mke wa mzee, Mama Elibariki, alikuwa pale akilisha ndama.

"Poleni jamani," akasema. "Hata wale vijana wa mashine ya kuoshea magari walipouona upande huu walikimbia."

Mama akasimamisha brashi. "Walikuja lini, mama?"

"Wiki iliyopita tu. Mzee hakukwambia?"

Hakutwambia. Alijua. Alijua wakati anatumiminia chai, alijua alipofumba macho. Mwanangu, sijawahi kuhisi hasira ikinipanda kuanzia magotini namna ile. Maana tazama alivyomweka mama yangu. Akiondoka, atakuwa mwanamke aliyevunja neno lililoombewa. Akiosha na lipu ikashuka, atakuwa mwanamke anayebomoa nyumba za watu. Na mtu wa kazi ya mikono hana mtaji mwingine zaidi ya jina.

Mzee akatokea. "Mbona brashi zimelala?"

"Mzee, lipu ya huku imeachia. Nikiitia maji itadondoka."

"Mimi siyo fundi. Ninachojua tuliombea kuta nne."

"Na ikidondoka?"

"Aliyeangusha ndiye anayeinua. Kipaimara cha mjukuu wangu ni Jumapili, binti yangu."

"Sawa mzee," mama akasema.

Sawa! Akainama kuchukua ndoo. Nikamwangalia mgongo wake, nikaona ile sawa imekaa pale kama mzigo wa kuni. Hapo mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza.

"Shikamoo mzee," nikasema. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, lakini sikujua sentensi nyingine ya kuanzia.

"Marahaba?"

"Ulipokuwa unaomba, Mungu ulimwambia kuhusu huku nyuma?"

Mama Elibariki akageukia ndama wake haraka, mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko au kwa aibu. Mzee akanitazama kama kuku aliyesema.

"Mama Paskalina, huyu mtoto amelelewa wapi?"

"Piga magoti," mama akaniamuru. Nikapiga, kwenye ule utelezi wa kijani. "Omba msamaha." Nikaomba, na machozi yakatoka, ya hasira tupu. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mzee, nisamehe. Nimemlea mimi," akasema. "Ila swali lake bado halijajibiwa."

Mzee alivaa kofia yake akaondoka. Mama aliosha kuta tatu, akazisuuza mara mbili mbili kama za kwake. Ule wa nne hakuutia hata tone.

Usidhani walimsifu. Jumapili wageni walipiga picha mbele ya ukuta unaong'aa, na hao hao waliopiga picha wakabeba habari kwamba Mama Paskalina amevunja neno la maombi. Nani alificha ukuta? Hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa ameahidiwa kuosha kanisa kabla ya Pasaka. Kazi ile wakapewa vijana wa mashine. Mwalimu wa dini anasema hasira isilale na wewe. Yangu imelala na mimi tangu Desemba, imeshazoea kitanda.

Lakini njiani siku ile, tukiwa na ngazi begani, mama mbele mimi nyuma, tulivuka korongo.

"Umeniaibisha," mama akasema.

"Ndiyo mama."

"Siku nyingine ukinisikia nasema sawa na siyo sawa, niaibishe tena."

Hakugeuka nyuma. Tukaendelea kutembea.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimeona la mkuu likisikiwa, na guu likavunjika vile vile, tena la mama yangu. Kwa hiyo pokea na ya kwangu, uyaweke jirani na ya wahenga. Ukiitwa kuosha ukuta, au kazi yoyote, zunguka kwanza, chai baadaye. Itapoa, na wewe utacheka ukiinywa. Gonga kila upande kwa kidole chako mwenyewe, usiazime macho ya mwenye nyumba. Uliza maji ya kuoshea yanatoka wapi na nani anayateka. Kabla ya kutaja bei, taja ubovu ulioukuta, kwa sauti, mke wa mwenye nyumba akisikia na watoto wakisikia: hapa pameachia, pakidondoka si mimi. Kama wanataka kuomba, sawa, maombi ni mema, lakini waombe wakiwa wamesimama nyuma ya nyumba na macho wazi. Mama sasa anafanya hivyo. Kuna wanaosema ujane umempa kiburi. Waache waseme, heshima si utumwa.

Na shikamoo usiache kuitoa. Ni haki yao, na mimi naitoa mpaka leo, hata kwa Mzee Tluway nikikutana naye barabarani. Ila shikamoo ni salamu, mwanangu, siyo punguzo la bei.

Nenda basi. Mungu akupe mdomo kabla hajakupa mikono, na sauti yako isitetemeke kama yangu. Na ikitetemeka, aijalie itoke hivyo hivyo.