Iliasi wa Benchi la Mbele

Kama hujawahi kutukanwa na Iliasi mwana wa Amuri, basi hujawahi kuonyesha filamu hapa Kasongo. Mimi alinitukana mpaka nikazoea, na siku asipokuja ukumbini, filamu ilikosa chumvi.

Kazi yangu ni kusema. Filamu zinatufikia kwa pikipiki, na waigizaji wanazungumza Kichina, Kihindi, sijui nini tena, lugha ambazo hakuna anayezielewa huku. Basi mimi, Célestin, napunguza sauti, nashika mikro, kipaza sauti changu, nawasemea wote: jambazi, bibi harusi, hata mbwa. Kichina chenyewe nakijua kama mbuzi anavyojua misa, kwa hiyo nabuni. Jambazi namtoa Kindu, dhahabu yake naificha Lusangi, na shemeji yake anauza mafuta ya mawese pale Wamaza, pote huku huku kwetu. Watu wanacheka, na kesho wanarudi.

Iliasi peke yake hakucheka. Alikuwa mkulima wa mpunga, mtu mrefu, mkavu, na alikuwa na macho ya mwewe.

"Uongo!" alikuwa akipiga kelele. "Célestin, unasema anaomba musamaha, na mutu iko anakunja ngumi! Angalia mukono yake!"

Na kweli, ukiangalia, ngumi ilikuwa imekunjwa. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nusu ya watu walikuja kunisikiliza mimi, na nusu walikuja kusikia Iliasi akinivua nguo.

Maoni yake hakuna aliyeyaomba, lakini tuliyapata yote. Filamu za karate alizipenda, ila hakuelewa kwa nini hakuna anayekula. "Mutu anapigana tangu asubuhi mpaka magaribi, hajagusa hata tonge ya bugali. Nguvu inatoka wapi?" Tamthilia za mapenzi za kwenye televisheni zilimkasirisha kwa sababu wanawake waliamka na rangi kwenye midomo. Filamu za wachawi alizidharau kabisa: mchawi wa kweli, alisema, hajengi ghorofa, maana anajua majirani watauliza. Na ule mpira wa kwenye mashine, unaochezwa kwa vidole kibanda cha jirani? "Muchezaji anaanguka, anainuka, kaputula haina tope. Mupira ya wapi hiyo?" Lakini aliucheza kila Ijumaa akitoka msikitini, na akifungwa alinuna mpaka Jumapili.

Shamba lake lilikuwa mbali, upande wa Kabambare, kando ya mto Luama, pale maji yanaporukaruka juu ya mawe. Huko kuna vidudu vyeusi, vidogo sana, vinauma mchana. Ngozi ilimwasha miaka mingi, akawa anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi hata katikati ya filamu. Kila mwaka wagawaji wa dawa ya ugonjwa wa vidudu hivyo walipita na fimbo yao, wanakusimamisha, wanapima urefu wako, kisha wanakupa vidonge kadiri ulivyo mrefu. Mwaka wa kwanza Iliasi alimeza. Uso ukamvimba, tukamcheka, tukamwita chura. Tangu hapo, siku ya fimbo ilimkuta shambani. Mkewe, Sifa, alimsihi mpaka akachoka.

"Fimbo hiyo ni ya kupimia maiti," Iliasi alimjibu.

Miaka ikapita. Kwanza alihama kutoka benchi la katikati akaja benchi la mbele kabisa. Kisha akaanza kuilaumu televisheni yetu, eti imechoka, eti inatoa moshi. Mpira wa mashine akauacha, akasema ni mchezo wa watoto. Na kelele zake za "uongo" zikaanza kuchelewa, nyingine zikaangukia maneno ambayo, kwa bahati, nilikuwa nimeyasema kweli. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani nimemshinda.

Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga bati, ukumbi umejaa. Waya wa picha wa televisheni ukachomoka. Picha ikapotea, kioo kikawa cheusi kama kitako cha sufuria, sauti tu ikabaki. Desturi yetu sisi wasemaji ni moja: picha ikienda, usinyamaze, maana ukinyamaza watu wanainuka. Basi nikaendelea kubuni, huku Yassine, fundi wetu, anautafuta waya gizani. Watu wakacheka sana. Nilingoja Iliasi avunje benchi kwa hasira.

Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anatabasamu.

"Leo umesema muzuri," alisema kwa sauti ya kusikika. "Na picha iko safi. Hata shati yake nyekundu naiona."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja nyuma alisema, "Yesu wangu." Iliasi akausikia ule ukimya. Akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Ni nini? Célestin, picha iko?"

Akasimama, akautafuta mlango kwa kiganja cha mkono, akagusa ukuta, akagusa uso wa Yassine, kisha akatoka kwenye mvua.

Sifa alimpeleka hospitali. Walichoambiwa Iliasi alikikataa, akabebwa kwa pikipiki mpaka Kabambare akatafute daktari mwingine mwenye neno lingine. Neno lilikuwa lile lile: dawa inazuia ugonjwa huo wa vidudu vya mto usiendelee, lakini jicho lililokufa haliamki. Alirudi ametapakaa tope mpaka kifuani, akajifungia.

Nilienda kumwona. Nilidhani nitamkuta analia. Nilimkuta amekaa uani, macho makavu, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ndugu yangu," alisema, "mupunga, Sifa atavuna. Kula, nitakula. Lakini mimi nilikuwa mutu ya kuona. Nikisema uongo, sali nzima ya filamu inanisikia. Sasa nitasema juu ya nini? Niambie, Célestin. Mimi ni nani sasa?"

Mimi ninayesemea hata mbwa nilimshika mkono tu, nikaondoka kabla hajasikia pumzi yangu.

Baadaye Sifa alinishawishi, nami nikamshawishi Iliasi, akaletwa ukumbini kwa kushikwa mkono. Benchi lake hakuna aliyelikalia. Nilikuwa na shauri langu: nitasema uongo mkubwa kiasi kwamba hata kipofu atapiga kelele. Kwenye kioo watu wawili walikuwa wanapigana darajani. Nikasema shujaa ameota mabawa, anaruka juu ya mto Lualaba na mbuzi kwapani. Watu wakacheka, kisha wote wakatazama benchi la mbele.

Kimya.

Nikaongeza. Nikasema amekufa, amefufuka, anamwoa yule mbuzi, padri na imamu wanagombania ndoa. Jasho lilinitoka. Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alijua ninamwomba. Piga kelele, Iliasi. Nitukane, nakusihi, nitukane mbele ya watu wote.

Iliasi aliinua uso, akauelekeza kwenye sauti yangu, mpole kama mgeni anayeuliza njia.

"Célestin," alisema polepole, "ni kweli?"

Tangu nimjue hakuwahi kuniuliza swali hilo. Mikro ilikuwa wazi mkononi mwangu, na ukumbi mzima ukanisikia nikilia.